Mgeni wa Alfajiri

Kila asubuhi, kabla ya kazi nyingine, nafungua daftari la seva. Ni faili refu la maandishi, na kila mstari ni mtu au mashine iliyopiga hodi usiku. Natafuta jina moja, Googlebot, roboti ya Google inayopita kusoma kurasa, na namba iliyo mbele yake. Ikiwa 200, mgeni kapokelewa na kupewa ukurasa mzima. Ikiwa 304, kauliza kama kuna kilichobadilika tangu alipopita, kajibiwa hakuna, kaenda zake. Ikiwa 404, kakuta watu wamehama na hawakuacha maelekezo. Zikifuatana namba zinazoanza na 5, moyo unanienda mbio: seva imezidiwa, na mgeni anayekuta hali hiyo mara kwa mara hupunguza safari zake.

Hapa Bariadi safari hizo zina maana yake. Mkoa wa Simiyu ulianzishwa 2012. Wilaya za Bariadi, Maswa na Meatu zikatoka Shinyanga, Busega ikatoka Mwanza. Hadi leo unakutana na kurasa za zamani zinazoiweka Bariadi ndani ya Shinyanga. Walioziandika hawakudanganya, ila hawakurudi kuzirekebisha, na ukurasa usiobadilika roboti huutembelea kwa nadra. Mkoa unaweza kuwa mpya ardhini na ukabaki wa zamani kwa anayeutafuta kwenye simu.

Tovuti ninayoitunza nilikabidhiwa ikipendeza kwa macho, lakini kwa wiki kadhaa haikuonekana popote ukiitafuta. Niliangalia kila kitu isipokuwa faili dogo la robots.txt, utaratibu uliobuniwa na Martijn Koster mwaka 1994 ili mwenye tovuti aziambie roboti zipite wapi na wapi zisiingie. Mjenzi alikuwa ameacha humo mstari wa siku za majaribio: Disallow, nukta pacha, kisha mkwaju mmoja. Mkwaju ule peke yake ulifunga nyumba nzima. Nilipoufuta nilikaa nikiutazama ule mstari mtupu.

Lakini kiini cha ufundi huu, kwangu, ni ramani ya tovuti: faili lenye anuani za kurasa zote na tarehe ambayo kila mmoja ulibadilishwa mara ya mwisho. Google waliuanzisha utaratibu huo 2005, Yahoo na Microsoft wakaukubali 2006. Faili moja linabeba hadi anuani 50,000. Sisi hatujafika hata elfu. Kuna programu ambazo kila usiku hupachika tarehe ya leo kwenye kurasa zote, ili tovuti ionekane hailali. Hili silipendi kabisa. Wakulima wa huku wanajua gunia la pamba lililotiwa mchanga linafanya nini: mnunuzi akishalikuta moja, yote yanayofuata anayatilia shaka, hata ya jirani asiye na kosa. Google nao wanasema wazi kwamba tarehe hizo huzifuata pale tu zinapothibitika kuwa za kweli. Kwa hiyo nikisahihisha koma, tarehe siigusi. Bei ya pamba ikibadilika, tarehe naibadilisha saa ileile.

Yapo na mengine. Maonesho ya kitaifa ya Nanenane yalifanyika Nyakabindi, hapa Bariadi, 2018, 2019 na 2020, na ukurasa wa tukio kama lile hushawishi mtu aufute likishapita. Mimi nauacha, nauwekea kiungo kutoka kurasa nyingine, kwa sababu ukurasa usio na kiungo ni kijiji kisicho na barabara. Tangazo likiletwa kama picha ya karatasi yenye muhuri, nalichapa upya neno kwa neno, na kichwa chake nakiandika kama mtu wa wilaya jirani ya Itilima angeuliza: bei ya pamba Simiyu.

Msimu wa pamba ulipofunguliwa niliandika ukurasa wa bei jioni, nikabadilisha tarehe moja tu kwenye ramani, nikaenda kulala. Asubuhi daftari lilikuwa na mistari miwili ya Googlebot, yote ya saa kumi alfajiri. Wa kwanza ulikuwa wa ramani, 200. Wa pili, dakika chache baadaye, ukurasa wa bei, 200. Kurasa nyingine hakuzigusa.