Mafuta Yaliyomwagika na Mmwagaji Aliyefichika: Uhakiki wa Filamu Mbili

Waswahili husema kwamba maji yakimwagika hayazoleki. Methali hii humliwaza aliyepatwa na hasara, na pia humwonya asiyejua kuchunga alichonacho. Katika matumizi yote mawili kitendo kimekwisha kutendeka, wala aliyemwaga hatajwi. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba kasoro ya namna hiyohiyo, ya kueleza hasara na kumwacha mtenda, ndiyo inayozikabili kazi za sanaa zinazosimulia misiba ya mafuta baharini. Kazi zinazohakikiwa ni filamu mbili juu ya msiba mmoja: *The Great Invisible* (2014) ya Margaret Brown, na *Deepwater Horizon* (2016) iliyoongozwa na Peter Berg.

Msiba wenyewe ulitokea usiku wa tarehe 20 Aprili 2010 katika Ghuba ya Meksiko, kiasi cha kilomita 66 kutoka pwani ya jimbo la Louisiana, Marekani. Gesi ilipanda kutoka kisima cha Macondo ikalipuka juu ya jukwaa la kuchimbia mafuta lililoitwa Deepwater Horizon. Watu 126 walikuwamo. 11 kati yao walikufa. Saruji iliyotiwa kisimani haikuizuia gesi, matokeo ya kipimo cha shinikizo yalifasiriwa visivyo, na valvu kubwa zilizowekwa sakafuni mwa bahari ili kukiziba kisima hazikukiziba. Jukwaa lilizama tarehe 22 Aprili. Kisima, kilichokuwa chini ya maji yenye kina cha mita 1,500 hivi, kiliendelea kufoka hadi tarehe 15 Julai, yaani kwa siku 87.

Filamu ya Berg imejengwa juu ya msuko uliokazwa vizuri. Mapema katika filamu, binti mdogo anaeleza kazi ya baba yake kwa kutumia kopo la soda na asali: kopo ni kisima, asali ni tope zito la kukandamizia gesi. Baadaye soda inafoka mezani, na mtazamaji anapata kwa mfano mmoja wa nyumbani maarifa yote atakayohitaji pamoja na hofu ya yatakayotokea. Mvutano baina ya wafanyakazi na wakubwa wanaohimiza kazi imalizike umechorwa bila maneno mengi. Aidha, filamu imetenda haki ambayo habari za wakati ule ziliichelewesha. Wiki chache tu baada ya moto, macho ya ulimwengu yalikuwa yamehamia kwa ndege waliolowa mafuta, na wafu 11 wakawa kama wamesahauliwa. Berg anazirudisha nyuso na majina yao mwishoni.

Hata hivyo, msuko huo una gharama yake. Ukihitaji shujaa, huhitaji pia mahali pa shujaa kuokokea. Naye akishaokoka, kisa kimekwisha. Ndiyo maana filamu inafikia kilele katika moto, inashuka katika sala ya walionusurika, kisha inafunga. Siku 87 zinaachiwa maandishi machache ya mwisho. Bahari, ambayo ndiyo mandhari ya kisa kizima, haipewi nafasi ya mhusika. Mwari aliyelowa mafuta anayeparamia chomboni anapita kama ishara ya balaa inayowajia watu, si kama kiumbe aliyekwisha kufikwa na balaa lake mwenyewe. Mvuvi hayumo. Mtazamaji huondoka akidhani kwamba msiba ulidumu usiku mmoja.

Brown anaanzia pale ambapo mwenzake anaishia. Katika filamu yake ya maisha halisi hamna shujaa. Wamo wafanyakazi walionusurika ambao miili yao imepona kuliko nafsi zao. Wamo wazazi wa marehemu. Na wamo watu wa pwani ya Alabama wanaoishi kwa kuvua na kubandua chaza, ambao sasa wanangoja chakula cha msaada kutoka jiko la kanisa. Mkabala wa hao, yanaonyeshwa mazungumzo ya wakuu wa biashara ya mafuta wakivuta biri zao kwa utulivu. Filamu haimlaumu mtu kwa sauti. Upangaji wa picha ndio unaosema.

Wako watakaosema kwamba kazi ya Brown imetawanyika, na lawama hiyo si bure. Visa vyake ni vingi, na vingine vinakatika bila hitimisho. Lakini ndivyo hasara yenyewe ilivyokuwa. Mwanzoni mwa Juni 2010 zaidi ya theluthi moja ya maji ya Ghuba yaliyo chini ya serikali kuu ya Marekani ilikuwa imefungwa kwa wavuvi. Ufuo wenye urefu wa kilomita zipatazo 2,100 ulichafuliwa. Pomboo wa Ghuba ndogo ya Barataria walionekana baadaye kuwa na maradhi ya mapafu. Hasara ya namna hii haina kilele. Fani iliyotawanyika inaiafiki maudhui yake kuliko fani iliyokazwa.

Hapa ndipo suala la lugha linaporudi. Katika Kiswahili, "mafuta yalimwagwa" hukaribisha swali: na nani? "Mafuta yalimwagika" halikaribishi. Kauli ya kutendeka haimpi mtenda nafasi. Sarufi haikubali "yalimwagika na kampuni". Zaidi ya hayo, kinachomwagika kwa kawaida ni kilichokuwa chomboni, chenye kadiri yake, nacho humwagika mara moja. Kisima kifokacho kwa siku 87 si mtungi uliopinduka.

Mahakama ilifanya kazi ambayo kitenzi hiki kiliikwepa. Mnamo Septemba 2014 Jaji Carl Barbier aligawa lawama: asilimia 67 kwa BP, 30 kwa Transocean, na 3 kwa Halliburton. Mnamo Januari 2015 aliamua kwamba mapipa milioni 3.19 yaliingia baharini, wakati serikali ilidai zaidi na BP ilidai pungufu, kwa kuwa faini ilikadiriwa kwa pipa. Mtenda alipatikana, na mafuta yakahesabiwa. Lakini pipa hupima kilichotoka kisimani. Halipimi msimu ambao mashua haikutoka, wala mlango wa kiwanda cha chaza uliofungwa. Hayo yanadai msimulizi.

Kwa hiyo filamu hizi mbili zafaa kusomwa pamoja, ya Berg kwa ajili ya wafu 11 na ya Brown kwa ajili ya walio hai. Na mwalimu wa tafsiri anayemwona mwanafunzi wake akiandika kwamba mafuta "yalimwagika" angefanya vyema kumtaka aandike sentensi hiyo upya, mara hii ikiwa na mtenda.