Godoro la upepo kwa usiku wa joto: pesa iende wapi?

Magodoro ya upepo ya kubeba mgongoni yamepishana bei mno. Moja linauzwa zaidi ya dola 200, jingine halifiki 80, na ukiyalalia yote mawili dukani huenda usione tofauti yoyote. Ile nyongeza ya bei hainunui ulaini. Inanunua uwezo wa kuzuia baridi ya ardhini, na inanunua wepesi. Anayelala juu ya theluji hana budi kulipa. Lakini anayetembea nyika ya Magadi, au pwani, au bonde lolote wakati wa kiangazi, analipia kinga ya baridi isiyokuwapo. Msimamo wangu ni kwamba mtu huyo achukue godoro la bei nafuu bila wasiwasi, mradi macho yake yawe kwenye mambo ambayo matangazo huyapita haraka: kitambaa, valvu na upana.

Tuanze na joto, maana hapo ndipo wanunuzi wengi hupotea. Uwezo wa godoro kuzuia joto la mwili lisinyonywe na ardhi huandikwa kwa namba iitwayo R. Zamani kila mtengenezaji alipima kwa njia yake, kwa hiyo R 3 ya huyu haikuwa lazima ilingane na R 3 ya yule. Mwaka 2018 ulitolewa utaratibu mmoja, ASTM F3340. Godoro hujazwa hewa, likabanwa kati ya bamba la moto na bamba la baridi, kisha hupimwa nishati inayohitajika ili bamba la moto lisipoe. Nishati ikiwa ndogo, R ni kubwa. Tena namba hizi hujumlishwa: mkeka wa sponji wa R 2 ukiwekwa chini ya godoro la R 1.3, umepata 3.3 hivi.

Namba hiyo tunaweza kuigeuza kuwa wati. Tuseme sehemu ya mwili inayogusa godoro ni mita za mraba 0.4, na ngozi ina nyuzi 34 za Selsiasi. Ardhi ikiwa na nyuzi 8, godoro la R 1.3 litapitisha wati 45 hivi kwenda chini. La R 4.5 litapitisha 13. Mtu mzima aliyelala hutoa joto la wati zipatazo 80 kwa jumla, kwa hiyo anayelalia lile la kwanza anapoteza zaidi ya nusu kupitia mgongoni peke yake. Huyo halali. Sasa peleka magodoro hayohayo kwenye ardhi yenye nyuzi 24. La R 1.3 linapitisha wati 17, la R 4.5 linapitisha 5. Ni hesabu ya kukadiria, kwa kuwa udongo ulio chini yako nao hupata joto kadiri usiku unavyokwenda, lakini picha inaonekana. Katika usiku wa joto wati hizo 17 ni nafuu kwa mwili unaotafuta pa kutolea joto. Godoro la gharama kubwa linakurudishia mgongoni joto ambalo ungefurahi liende zake.

Basi R kati ya 1 na 2 inatosha. Tahadhari iliyopo ni mwinuko. Hewa hupoa kwa nyuzi 6 hivi kila unapopanda mita 1,000. Kilele cha milima ya Ngong kina mita 2,460, na Ziwa Magadi liko kwenye mita 600 hivi. Unatoka Nairobi kwa barabara moja, unapita mgongo wa Ngong, unateremka Olorgesailie penye yale mashoka ya mawe ya watu wa kale, hadi Magadi. Mwendo wa saa chache tu kwa gari, lakini baina ya kilele na ziwa tarajia tofauti ya nyuzi 11. Godoro la Magadi halitoshi Ngong. Anayepanga kulala kote kuwili anunue hilohilo la bei nafuu, na siku ya kupanda aongeze mkeka wa sponji chini yake.

Bei inashukaje? Jibu limo katika ushonaji, ingawa kwa kweli magodoro haya hayashonwi, yanaunganishwa kwa kuyeyusha plastiki. Historia yake inasaidia kulielewa. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 kampuni ya ndege ya Boeing iliachisha kazi maelfu ya watu mjini Seattle. Wahandisi wawili kati yao, Jim Lea na Neil Anderson, pamoja na mwenzao John Burroughs, walianzisha Cascade Designs mwaka 1972 na kutoa godoro la Therm-a-Rest. Wazo lilimjia Lea akiwa bustanini, amepiga magoti juu ya kipande cha sponji: alitambua kwamba hewa iliyofungiwa ndani ya sponji ndiyo inayombeba. Wakaifunga sponji ndani ya ganda lisilopitisha hewa, wakatia valvu. Sponji ilibeba mwili na pia ilizuia hewa ya ndani isizunguke, na hewa isiyozunguka haibebi joto. Mwaka 2009 kampuni hiyohiyo ikaja na NeoAir, godoro lisilo na sponji kabisa. Ndani yake mna kuta nyembamba zilizopangwa kama pembetatu, ghorofa mbili, pamoja na utando unaorudisha joto. Toleo lake la sasa, XLite NXT, lina R 4.5 na uzito wa gramu 370 hivi. Kuzipanga na kuziunganisha kuta zote hizo bila kuacha tundu hata moja ni kazi ghali, na ndiyo unayoilipia.

Godoro la bei nafuu limeiruka kazi hiyo. Static V la Klymit, kampuni ya Utah nchini Marekani, ni mfano mzuri wa kuchunguza. Ni vipande viwili tu vya poliesta yenye utando wa plastiki, vimelazwa kimoja juu ya kingine na kuyeyushwa pamoja kwenye mistari yenye umbo la V. Kati ya mstari na mstari hewa inaingia, na mfereji unavimba hadi sentimita 6.5. Ukipitisha kidole juu yake utahisi mabonde: mstari ulipopita, kitambaa cha juu kimegusana na cha chini, hakuna hewa hata kidogo. Hapo ndipo joto linapopenya, na ndiyo sababu R yake ni 1.3 tu licha ya unene huo. Kwenye theluji hiyo ni kasoro. Kwenye joto mabonde hayohayo huacha upenyo chini ya mgongo, jasho likapata pa kukaukia. Mpangilio wa V nao una faida: mwili ukilemea upande mmoja hewa haikimbilii yote upande wa pili, na mifereji ya pembeni inakuzuia usiporomoke.

Uzito wake ni kama gramu 530. Yaani umeongeza gramu 160 juu ya lile la gharama kubwa, uzito usiofika wa glasi moja ya maji. Katika nchi ambayo mtembeaji anabeba lita 4 au 5 za maji kwa sababu mto uliochorwa kwenye ramani umekauka, sioni hoja ya kutoa zaidi ya dola 100 kwa ajili ya gramu hizo.

Kitambaa ni jambo zito zaidi. Ukubwa wa uzi hupimwa kwa denia, ambayo ni uzito kwa gramu wa mita 9,000 za uzi. Static V ina uzi wa denia 75, wakati magodoro mepesi sana yana denia 30 au chini ya hapo. Hapa kwetu ningependa kubeba gramu za ziada kuliko kuamka chini kwenye udongo, kwa sababu ardhi ya nyika ina meno. Miiba ya mgunga inajulikana, lakini mnyang'anyi hasa ni mbigili. Tunda lake likikauka hupasuka vipande vitano, kila kimoja na miiba migumu miwili mirefu, na kipande kikianguka mwiba mmoja huelekea juu. Waendesha baiskeli wanaujua vizuri. Na aghalabu haungoji chini ya hema: unanasa kwenye soli ya ndala ulipokwenda kujisaidia, ukaingia nao hadi kitandani. Kwa hiyo ndala zibaki mlangoni, uwanja ufagiliwe kwa tawi kabla ya kutandaza hema, na chini ya godoro pawe na kitu: sponji nyembamba ya milimita 3, au hata mkeka.

Valvu ndiyo ya kwanza kuharibika katika magodoro ya ovyo. Ile ya kuzungusha, kama ya vifaa vya kuogelea, hufanya kazi, lakini hewa inatoka unapohangaika kuifunga. Bora ni ile bapa yenye kilimi ndani, inayoruhusu hewa kuingia na kuizuia kutoka, pamoja na mdomo mpana wa kuimwaga yote asubuhi kwa mara moja. Chunguza kilimi hicho kwa kucha. Kisiwe kimejikunja, na chembe ya mchanga isiweze kujificha pembeni, maana punje moja tu inatosha kuvujisha hewa usiku kucha. Yale magodoro yenye pampu ya mguu iliyojengewa ndani siyapendi. Pampu hiyo ni sponji, hunyonya unyevu, hukauka polepole, na ikichanika haina fundi. Begi jepesi la kupulizia ni bora, tena linaepusha pumzi ya mdomoni, ambayo huingiza unyevu na kuotesha ukungu ndani.

Kuhusu upana sitasema mengi. Kipimo cha kawaida ni sentimita 51, na mikono ya mtu mzima huangukia nje. Tafuta 58 na kuendelea. Anayelala ubavu asishuke chini ya unene wa sentimita 6, vinginevyo nyonga itagusa ardhi.

Wako wanaonunua mitumba, na Moshi na Arusha, ambako vifaa vya wapanda Kilimanjaro hukodishwa na kuuzwa tena, mtu anaweza kupata godoro zuri kwa bei ya chini. Lijaze hapohapo mpaka likaze, kisha litazame kwa pembeni, jicho likiwa sawa na uso wake. Uvimbe uliojitokeza kuliko mwingine maana yake kiungo cha ndani kimeachia, na ugonjwa huo hautibiki: kesho kutwa kitaachia na cha jirani. Unuse mdomo wa valvu. Harufu ya uvundo ni ukungu. Tundu dogo, kwa upande mwingine, si sababu ya kulikataa. Ni sababu ya kupunguziwa bei.

Ukishalipata, usilikaze kama tairi. Mtu wa kilo 70 aliyejilaza hukandamiza kwa kilopaskali moja na nusu hivi, wakati tairi la gari lina zaidi ya 200. Lijaze, lala ubavu, kisha toa hewa kidogo kidogo mpaka nyonga ibaki upana wa kidole au viwili juu ya ardhi. Hapo mgongo unanyooka. Kupiga magoti juu yake ni hatari, kwa sababu uzito wote unashuka kwenye eneo dogo, presha inapanda ghafla, na viungo vya godoro ndivyo vinavyobeba mvuto huo. Kuliacha limejaa juani nako huachanisha viungo kwa namna hiyohiyo, kwa kuwa hewa ya ndani inapanuka ikiwa haina pa kwenda.

Na kinyume chake kinawatisha wengi bure. Umelijaza jioni hewa ikiwa na nyuzi 30; alfajiri imeshuka hadi 18. Hewa hiyo imesinyaa kwa asilimia 4, yaani lita 2 katika godoro la lita 50, na wewe unaamka umedidimia, unaapa kwamba umeuziwa godoro bovu. Halivuji. Liongeze hewa kidogo kabla ya kulala, baada ya hewa ya usiku kutulia. Jaribio la kweli la kuvuja lifanyike nyumbani, chumbani ambamo joto halibadiliki sana: lijaze, liwekee uzito, liache mpaka kesho yake.

Plastiki na ngozi yenye jasho haviivani. Kanga kuukuu iliyotandikwa juu inamaliza tatizo, haina uzito wa kulalamikia, na mchana ni taulo, ni kivuli, ni pazia.

Pancha itakuja siku moja. Kuitafuta ni kama kwa fundi baiskeli: maji ya sabuni yapakwe juu, au godoro lizamishwe penye maji, utazame mapovu. Ila gundi ya fundi baiskeli imetengenezwa kwa ajili ya mpira, na kwenye utando huu wa plastiki hubanduka baada ya muda. Panahitajika gundi ya poliyurethani. Hewa itolewe, sehemu ifutwe kwa spiriti hadi mafuta ya ngozi yaishe, iachwe ikauke, gundi ipakwe ipite ukingo wa tundu pande zote, na godoro lisiguswe kwa saa kadhaa, ikiwezekana usiku mzima. Njiani hakuna nafasi ya kungoja hivyo. Kwa hiyo mfukoni mwa begi beba viraka vyenye gundi yake tayari pamoja na kipande cha kitambaa chenye spiriti, kiraka kikuvushe hadi mwisho wa safari, na gundi yenyewe iwe kazi ya kurudi nyumbani.