ISTILAHI NA KITENDO: MAONI JUU YA TAFSIRI YA MAELEKEZO YA KUTUNZA MIMEA YA MAJINI

Mwalimu mmoja wa sayansi alitukabidhi kijitabu chenye kurasa chache, kilichofasiriwa kutoka Kiingereza, kinachoeleza namna ya kutunza mimea hai ndani ya tangi dogo la samaki lililo mahali pasipo na mwanga mwingi. Mwalimu huyo alikifuata kijitabu hatua kwa hatua katika tangi la lita 40 lililokuwa pembeni mwa darasa lake. Hata kabla ya miezi miwili kwisha, mimea karibu yote ilikuwa imeoza. Swali lake kwetu lilikuwa fupi: je, kosa ni la mkono wake au ni la lugha? Makala haya ni jibu letu.

Hatuna nia ya kumbeza mfasiri. Sarufi yake ni safi, na maneno aliyoyatumia karibu yote yamo katika kamusi. Hiyo ndiyo sababu tumeona jambo hili linastahili kujadiliwa. Neno laweza kuwa sahihi katika kamusi na bado likampotosha mtu anayesoma maelekezo, kwa kuwa maelekezo hayasomwi ili kueleweka tu, bali husomwa ili kutiiwa. Tutachunguza mifano minne.

1. Maji baridi. Kijitabu kinaitaja mimea hii kuwa ni "mimea ya maji baridi". Wataalamu wa uvuvi hulitumia neno hilo kwa maana ya maji yasiyo ya chumvi, kama vile ya mito na maziwa, na katika fani yao halina utata. Lakini wanafunzi wa mwalimu wetu hawakuwa wavuvi. Walielewa kwamba maji yanatakiwa yawe ya baridi, wakawa wakiongeza maji ya jokofu kila asubuhi. Ilhali anubiasi, mmea wa asili ya Afrika Magharibi uliokuwa mkuu katika tangi hilo, hustawi katika maji yenye joto la nyuzi 22 hadi 28 za Sentigredi. Watu wa pwani wana neno "maji matamu" kwa maana hiyo hiyo, na hatudhani yupo atakayeyatia sukari. Pale ambapo joto la maji nalo linahusika, twapendekeza "maji matamu", na lielezwe mara ya kwanza linapotajwa: yaani yasiyo ya chumvi.

2. Mzizi. Kijitabu chasema: "Panda mmea kwa kufukia mzizi wote mchangani." Hapa ndipo palipoleta hasara kubwa zaidi. Anubiasi, pamoja na kangaga wa Java, ina shina nene linalolala, ambalo majani huchipua juu yake na mizizi hutokea chini yake. Mizizi yaweza kuingia mchangani bila madhara, bali shina hilo likifukiwa huoza, na mmea wote hufa. Mfasiri ameliita shina hilo mzizi, kama wengi tunavyoiita tangawizi mzizi, ingawa tangawizi nayo ni shina.

Hapana budi tukiri kwamba hata sisi, tulipokisoma kijitabu mara ya kwanza, hatukuona kosa lo lote katika sentensi hiyo. Tuliliona baada ya mwalimu kuung'oa mmea mmoja na kutuonyesha mahali ulipoanzia kuoza. Twapendekeza istilahi "shina mlalo", ambayo yaonyesha kwamba kitu hiki ni shina, na yaonyesha pia jinsi kilivyokaa. Hata hivyo, jina peke yake halitoshi. Tangawizi ina shina mlalo, nayo hupandwa kwa kufukiwa. Kwa hiyo kitenzi nacho kisahihishwe: anubiasi "haipandwi", bali "hufungwa" kwa uzi juu ya jiwe au kipande cha mti mpaka mizizi yake ishike yenyewe. Wanaistilahi tumezoea kushughulikia nomino na kuviacha vitenzi vijitafutie njia. Ilhali katika maelekezo kitenzi ndicho kinachouongoza mkono.

3. Mimea ya gizani. Mwandishi wa asili bila shaka alikusudia mimea inayoridhika na mwanga mdogo. Mfasiri ameandika "mimea ya gizani", na mwalimu akalifunika tangi kwa kitambaa. Hapa twasikitika zaidi, kwa kuwa Kiswahili tayari kina istilahi ambayo ingemwonya mfasiri. "Usanisinuru" ni neno linalojieleza: pasipo nuru hapana usanisi, na pasipo usanisi mmea haujitengenezei chakula. Mfasiri aliyelielewa neno hilo hawezi kuandika juu ya mmea wa kijani unaoishi gizani. Twapendekeza "mimea ya mwanga hafifu", na kipimo kitajwe: taa iwashwe kwa muda wa saa 6 hadi 8 kwa siku, na tangi lisipigwe na jua moja kwa moja. Iongezwe pia kwamba mimea hii hukua polepole, na kukawia kwa jani jipya si ugonjwa.

4. Mwani na kuvu. Utando wa kijani unaoota juu ya vioo na majani umeitwa "mwani" katika ukurasa mmoja, na "kuvu" katika ukurasa mwingine. Kwa mkulima wa mwani wa Unguja, mwani ni zao la baharini. Lakini wanabiolojia wamelipanua neno hilo hadi maji matamu, nasi hatuoni ubaya. Ubaya ni kulichanganya na kuvu. Mwani hutumia nuru, hivyo dawa yake mojawapo ni kupunguza saa za mwanga. Kuvu haina usanisinuru, na kuizimia taa hakuidhuru. Kitu kimoja kikipewa majina mawili, msomaji huona vitu viwili, akatafuta dawa mbili.

Huenda msomaji akauliza kama tangi la samaki ni jambo la kujazia kurasa hizi. Twaona kwamba linafaa, kwa sababu katika lita 40 kosa la neno huonekana upesi na kwa macho. Mfasiri wa maelekezo ya dawa ya mifugo, au ya mashine ya kusaga, hufanya makosa ya namna hii hii, ila matokeo yake huwa mbali naye na pengine hayamfikii kamwe.

Kwa hiyo twapendekeza kwamba tafsiri yo yote ya maelekezo, kabla ya kupigwa chapa, apewe mtu asiyeiona matini ya asili, afanye kazi ile mbele ya mfasiri, naye mfasiri anyamaze na kutazama. Pale mkono wa mtu huyo utakaposita au kupotea, hapo ndipo pa kusahihisha.

Mwalimu wetu tumemjibu kwamba mkono wake haukukosa, ulitii. Amebakiwa na kipande kimoja cha anubiasi chenye majani mawili, nasi tumemwomba akifunge juu ya jiwe.