Hema Karibu na Spana

Masika yakikolea, Barabara ya Morogoro ikafungwa pale Jangwani, mtu wa Magomeni aliyesimama ukingoni mwa maji anapata darsa la bure la ufundi. Saluni mpya yenye injini kubwa huvuta maji badala ya hewa, ikazimika katikati. Pikapu kuukuu iliyonyanyuliwa springi na fundi wa Gerezani hupita polepole pembeni yake, bomba la moshi likitoa mapovu. Aliyeona hilo anajua tayari jambo ambalo watazamaji wengi wa mashindano ya magari ya zamani hulikosa: gari hushinda au hushindwa gereji, barabara inatangaza matokeo tu. Kwa hiyo nina ushauri mmoja kwa marafiki wawili wa Mapipa wanaokaa barazani kupanga safari ya wikiendi na hema lao, kwenda kutazama mashindano hayo ya magari ya zamani, East African Safari Classic, miaka inapovuka kutoka Kenya na kuingia Kilimanjaro na Arusha. Waiache ile kona ya vumbi wanayoiona kwenye picha. Wakapige kambi jirani na mahali mafundi wanapohudumia magari.

Ushahidi uko kwenye Safari yenyewe ya zamani, mashindano ambayo Classic inayaenzi. Ilianza 1953 kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, ikapita Kenya, Uganda na Tanganyika, na baadaye ikazoeleka kama mashindano ya Pasaka, yaani ndani ya masika. Mwaka 1963 yaliondoka magari 84, yakamaliza 7. Mwaka 1968 yakaondoka 93, yakamaliza 7 tena. Mara zote mbili walioshinda ni Nick Nowicki na Paddy Cliff, wakiwa na Peugeot 404, gari la familia ambalo hakuna aliyelipigia mluzi kwa mbio zake. Kabla yao Volkswagen ya mgongo wa kobe ilikwisha kushinda 1954, 1957 na 1962. Injini yake ndogo imekaa nyuma, juu ya magurudumu yanayosukuma, hivyo tairi hukandamizwa kwenye tope likashika. Tena inapozwa kwa hewa, haina rejeta ya kutobolewa na jiwe. Mwaka 1965 Joginder Singh, fundi kabla hajawa bingwa, alishinda pamoja na ndugu yake Jaswant kwa Volvo PV544 iliyokwisha kutumika katika Safari ya mwaka uliotangulia. Waliwaacha waliowafuata kwa dakika 100. Pengo la namna hiyo haliletwi na mguu mzito. Linaletwa na mtu aliyejua kila nati ya gari lake.

Ushahidi wenye nguvu zaidi, kwa maoni yangu, ni Porsche 911. Katika Safari ya zamani haikushinda hata mara moja. Björn Waldegård alikuwa wa pili nayo 1974, nyuma ya Joginder na Mitsubishi Lancer yake. Vic Preston mdogo akawa wa pili nayo 1978. Safari Classic ilipoanzishwa 2003, mambo yakageuka. Mwaka 2011 Waldegård yuleyule, sasa mzee wa miaka 68, alishinda kwa 911, na 2015 Stig Blomqvist naye akashinda kwa 911. Dereva wa 1974 hakuwa mwepesi zaidi uzeeni. Kilichoongezeka ni mafundi waliokuwa na miongo kadhaa ya kujua wapi bodi hupasuka, wakachomelea kabla haijapasuka, na shokapu za kisasa zinazostahimili makorongo siku nzima bila kuchemka. Ratiba nayo imesaidia: zamani gari lilikwenda mchana na usiku, leo hulala, na fundi hupata jioni ya kulifungua.

Atatokea wa kusema kwamba ushindani wa sasa ni hafifu kwa kuwa viwanda havileti tena timu zao kama enzi zile. Ni kweli, na sitaki kulipunguza. Lakini hoja hiyo haielezi kwa nini Ian Duncan alishinda 2009 kwa Ford Mustang, dude zito la Kimarekani ambalo halikuwahi kushinda Safari ya zamani. Pingamizi lililo gumu zaidi ni hili: gari lililochomelewa upya namna hiyo bado ni la zamani? Mkazi wa jiji ambako daladala hubadilishwa injini, gia boksi na viti likabaki na jina lake lilelile hawezi kusumbuliwa sana na swali hilo. Kanuni zinabana umri wa modeli na kutaka gari lisukumwe na magurudumu mawili tu. Ndani ya mipaka hiyo, ukarabati ndio mchezo wenyewe. Na anayelalamika kwamba kwa mafundi hakuna msisimko, ahesabu: kwenye kona kila gari litamfaa kwa sekunde chache, kisha vumbi, kisha kungoja.

Basi marafiki wale wapande basi Mbezi Luis Ijumaa, kwa kuwa Arusha ni zaidi ya kilomita 600. Hema liwe nje ya kamba ya eneo la mafundi, upande upepo unakotoka, vinginevyo wali utaliwa na mchanga. Mmoja ashike saa, mwingine daftari: gari limeingia saa ngapi, limetoka saa ngapi, nini kimefunguliwa. Watazame mkono wa fundi. Gurudumu likishatolewa, hupitisha kidole kwenye shokapu kabla ya kushika spana yoyote. Kidole kikirudi na vumbi kavu, huendelea na gurudumu linalofuata. Kikirudi na oili, humwita mwenzake kwa sauti ya chini, na mwenye daftari atie alama hapo, maana huenda kesho gari hilo lisifike.