Kuku Aliyetaga Miibani: Kitendawili cha Nanasi na Mtoto wa Mjini

Nilimuuliza mtoto wa dada yangu, mwenye umri wa miaka minne, nanasi linatoka wapi. "Gengeni, Mjomba," alijibu bila kusita. Nikacheka. Halafu nikaitazama chati iliyobandikwa ukutani mwao: E ni embe, N ni nanasi, P ni papai. Kila tunda linaelea peke yake kwenye karatasi nyeupe, halina mti, halina shamba wala mkulima. Kwa aliyesomeshwa na chati hiyo, jibu la mtoto ni sahihi kabisa.

Ndugu msomaji, chati nayo ni matini, na maudhui yake ni kwamba tunda ni bidhaa. Ajabu ni kuwa lugha yenyewe haisemi hivyo. Kiswahili humtaja mzazi wa tunda kwa kuongeza sauti kidogo tu mbele: embe, mwembe, chungwa, mchungwa, papai, mpapai. Ndizi ndiyo inayovuruga mambo, maana mtoto atasema "mndizi" nasi tutamsahihisha kuwa ni mgomba. Nazi humtaka ajue hata umri: kidaka, kitale, dafu, koroma, ndipo nazi. Yote haya chati imeyaacha nje.

Jadi yetu ina matini bora zaidi, yaani kile kitendawili cha kuku aliyetaga miibani, ambacho jibu lake ni nanasi. Hebu tukichambue. Kuku hatagi mtini. Basi tunda liko chini. Kuku hutafuta kiota, basi limezungukwa. Miiba nayo inamwonya anayepeleka mkono. Sitiari moja imebeba umbo la mmea mzima: majani magumu yenye meno pembeni yamejipanga duara, na katikati, juu ya kikonyo kifupi, limekaa tunda moja. Kwa kweli huo ni ufundi mkubwa kwa maneno machache namna ile.

Lakini hapa inanibidi nijikosoe. Kitendawili hicho nilikijua tangu shule ya msingi, na bado hadi namaliza kidato cha nne niliamini kwamba nanasi linaning'inia mtini kama fenesi! Niliona shamba lake mara ya kwanza Kiwangwa, wilayani Bagamoyo. Nanasi lilikuwa usawa wa goti langu. Nilinyamaza kimya ili wenzangu wasijue.

Ilikuwaje? Darasani mwalimu alisema "Kitendawili!", sisi "Tega!", na kabla hajamaliza darasa zima lilishapiga kelele "Nanasi!" Hakuna aliyewahi kutoa mji, kwa sababu hakuna aliyeruhusiwa kushindwa. Mulokozi ametufundisha kwamba fasihi simulizi ni tukio, lenye fanani, hadhira, mahali na wakati. Fanani tulikuwa naye, hadhira ilijaa madawati yote. Mahali ndipo hapakuwapo. Kwa hiyo sikubaliani na wanaodhani kazi imekwisha vitendawili vikishahamishiwa vitabuni, majibu yakiwa yamechapwa chini ya ukurasa. Hiyo ni chati nyingine tu.

Nilirudi kwa mpwa wangu na nanasi zima, shada lake likiwa bado juu, nimelifunika kwa kanga ya mama yake. Nikamtegea. Alihangaika sana: yai? nungunungu? Mwishowe akanipa mji, Moshi, aliko bibi yake. Basi nikaenda Moshi, nikala, nikanywa, nikarudi, nikafunua kanga. Akaligusa shada, likamchoma.

"Kumbe kuku mwenyewe mkali!"

Shada tulilikata, tukalipanda kwenye kopo la rangi nje ya mlango. Dada anasema ninamdanganya mtoto, maana itapita miaka kama miwili kabla ya kuonekana tunda, kama litaonekana. Yeye kila asubuhi huchungulia katikati ya majani kama limetaga. Juzi kaniuliza kuku wa tikiti maji anataga wapi. Sina kitendawili chake.