Minyoo wa Mirija na Faila Iliyojengwa juu ya Kipande

Kitabu cha A. V. Ivanov juu ya Pogonofora, kilichotolewa kwa Kirusi mwaka 1960 na kwa Kiingereza mwaka 1963, ni kazi kubwa katika elimu ya viumbe vya bahari. Chaeleza minyoo wembamba waishio kilindini, ndani ya mirija wanayojijengea wenyewe, wasio na kinywa wala utumbo. Maelezo yake ya maungo ni ya bingwa. Ipasayo kupimwa ni hukumu yake, kwamba viumbe hawa ni faila peke yao, katika tawi moja na wanyama wenye uti wa mgongo.

Hukumu hiyo ilikuwa na wazee wake. Mwaka 1914 Caullery aliunda familia ya Siboglinidae kwa vielelezo vilivyoopolewa na merikebu Siboga katika bahari za Indonesia. Mwaka 1933 Uschakov alimpata mnyoo wa namna hiyo, akamweka miongoni mwa anelida, yaani minyoo wa pingili, ambao nyungunyungu ni mmoja wao. Mwaka 1937 Johansson alimtoa humo, akamfanyia ngeli mpya ya Pogonofora. Na mwaka 1944 Beklemishev akaipandisha ngeli hiyo kuwa faila.

Hoja kuu ilikuwa kwamba mwili hauna pingili. Lakini miili iliyochunguzwa ilikuwa imekatika, na ncha ya nyuma ilibaki topeni. Mwaka 1964 Webb alieleza ncha hiyo: ina pingili, na pingili zina nywele ngumu kama za anelida.

Wanafunzi wa lugha wanalijua kosa la namna hii. Atazamaye viambishi tu ataliweka neno mnyoo, minyoo, pamoja na mti, miti. Lakini Mswahili husema "minyoo hawa", wala hasemi "minyoo hii". Neno halina budi kufuatwa hata mwisho wa sentensi ndipo ngeli yake ijulikane. Na mnyoo vivyo hivyo hata mwisho wa mwili wake.

Ukosefu wa utumbo nao si ushahidi wa nasaba. Riftia, mnyoo mkubwa aliyegunduliwa karibu na Galapagos mwaka 1977, hulishwa na bakteria waishio ndani ya mwili wake, jambo lililothibitishwa mwaka 1981. Naye akiwa mchanga huwa na kinywa na utumbo kwa muda. Hata hivyo, mwaka 1985 Jones aliwafanyia Riftia na wenzake faila nyingine, Vestimentifera. Ndipo mwaka 1997 Rouse na Fauchald wakawarejesha wote katika anelida, na jina la Caullery la 1914 likashika tena mahali pake, kwa cheo cha familia.

Ivanov hastahili lawama kwa ncha ambayo haikufika mezani pake. Lawama ni ya mapokeo yaliyodumu zaidi ya miaka 30 baada ya ncha hiyo kuonekana, kwa kuwa cheo kilikwisha kutolewa na kuzoewa. Watungao istilahi za Kiswahili wasiupokee mzigo huo: Pogonofora ibaki kuwa jina la historia, na viumbe wenyewe waitwe familia katika minyoo wa pingili.