Matanuru ya Ufipa

Msafiri anayefika Sumbawanga huwa na haraka ya kuyaona maporomoko ya Kalambo, ambako maji huanguka zaidi ya mita 200 mpakani na Zambia. Si vibaya. Lakini uwanda wa juu wa Ufipa una fahari nyingine inayostahili kusimamisha gari: matanuru ya chuma.

Malungu, kama Wafipa wanavyoyaita, ni minara ya udongo yenye kimo cha mita 3 hivi. Wayeyushaji waliyajaza mkaa na mawe ya chuma kwa tabaka, wakawasha moto, kisha hewa ikajivuta yenyewe kupitia matundu ya chini. Hakuna aliyevukuta! Mivuo ilihitajika baadaye, kwenye tanuru dogo la kusafishia, kabla mhunzi hajafua jembe, shoka au mkuki. Dawa na miiko navyo vilikuwa sehemu ya kazi.

Majembe ya kiwandani yaliififisha biashara hiyo katika karne ya 20. Mwanaakiolojia Bertram Mapunda, aliyefanya utafiti wilayani Nkasi, huko huko Ufipa, amesaidia sana kuiingiza vitabuni. Na mwongozaji anayewapitisha wageni kwenye tanuru kabla ya Kalambo, huyo naye apewe pongezi zake.